Betri Iliyolala Ugenini

Dieumerci alizungusha ufunguo, na gari likajibu kwa mlio ule ule wa juzi na jana: ta-ta-ta-ta-ta. Taa za dashibodi zilififia. Alirudisha ufunguo, akangoja, akazungusha tena. Ta-ta-ta-ta. Injini haikugeuka hata kidogo.

Kaka yake, Rigobert, alisimama kando ya mlango wa gari. Alivaa kandambili na koti la kazi la kampuni ambayo haikuwa tena na kazi ya kumpa. Hakuinama kutazama chini ya boneti. Alimtazama mdogo wake.

"Tena?"

"Tena, yaya," Dieumerci alijibu, kama mdogo anavyomwita kaka mkubwa.

"Jana jioni uliingia nayo hapa, ilikuwa inatembea."

"Ilikuwa inatembea muzuri. Muchana yote inawaka. Nikiizima, nikiiwasha, inawaka. Ni hapa tu ku nyumba njo inakataa."

"Ni hapa tu," Rigobert alirudia polepole. "Kwako inawaka, kwangu inakataa. Hii motoka iko na akili kupita siye bote."

Germaine, mke wa Rigobert, alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko akichambua vidagaa vikavu vya ziwa Mweru, ambavyo lori lilikuwa limevileta kupitia Kasomeno. Alikuwa akivipeleka soko la mtaa jirani wa Kenya asubuhi hiyo. Mikono yake iliendelea na kazi, lakini masikio yake yote yalikuwa uani.

Katika mtaa wao wa Katuba, mwenye gari haachi betri ndani ya gari usiku. Wezi huruka ukuta, hufungua boneti bila kelele, na asubuhi mtu hukuta nyaya zinaning'inia. Kwa hiyo kila jioni, akimaliza kazi ya teksi, Dieumerci aliifungua betri, akaibeba hadi sebuleni na kuiweka nyuma ya kiti kikubwa cha Rigobert. Asubuhi aliirudisha mahali pake. Betri iliyokaa sakafuni bila waya hata mmoja haiwezi kuishiwa nguvu kwa usiku mmoja. Rigobert alikuwa amelisema jambo hilo tangu juzi, na hakuna aliyeweza kumpinga.

"Ile batri ilikuwa mupya," alisema sasa. "Nilinunua na feza yangu ya mwisho ya kazi. Hii haiko ile."

"Yaya, ni ile ile."

"Usinibebee bongo, uongo ya mutoto. Ulitoa ya muzuri, ukaweka ya kufa. Kostimu, ile suti ya baba mukwe, ulinunua na nini? Na mbuzi? Na pagne, bile bitenge bya bamama?"

Dieumerci alitoka garini. Alikuwa kijana mrefu, na kila aliposimama mbele ya kaka yake alijikunja mabega ili asimzidi.

"Nilichunga feza kidogo kidogo tangu mwaka jana. Unajua."

"Miye sijue kintu. Minajua tu kama Jumamosi unaenda kupeleka mali kwa bantu, na batri yangu inakufa Jumanne. Bon. Kama hauniambie batri yangu iko wapi, ku Bel-Air siende. Utaokota muntu ku barabara akusemee."

Hapo Germaine aliacha vidagaa. Kijana hajisemei mbele ya wakwe anapopeleka mahari. Baba yao alikuwa amefariki, na Rigobert ndiye ndugu pekee wa kiume aliyebaki. Asipokwenda, ukoo wa Abigaïl, mchumba wake wa mtaa wa Bel-Air, ungeuliza sababu, na sababu ingekuwa kwamba kaka mwenyewe amemkataa mdogo wake. Hakuna baba wa Bel-Air ambaye angempa mtoto wake mtu wa namna hiyo.

*

Chama, fundi wa kona ya barabara, alifika na kipimo chake cha umeme mfukoni. Nyuma yake alikuja jirani yao, mama Lydie, akiendesha pikapu yake kuukuu. Nyaya za kuungia betri alikuwa amezitupa begani kama kanga.

"Mama Germaine," alisema, "batri yangu itakuomba mushahara. Siku tatu inafanya kazi kwako!"

"Itakula fretini," Germaine alimjibu, akimwonyesha kiganja cha vidagaa.

Chama alimwagiza Dieumerci azungushe ufunguo. Alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Démarreur," alisema bila kusita. Alimaanisha mota ndogo ya kuwashia injini. "Hii imeisha. Miye niko na moja ya Dubai, karibu mupya."

"Papa Chama," Germaine alisema, "kama démarreur imekufa, ju ya nini tukiunga nyaya za mama Lydie inawaka palepale?"

Chama alimtazama, kisha akamtazama Rigobert, kisha akajikuna kidevu. Mama Lydie alicheka kwa sauti.

"Jibu, mufundi! Ulikuwa unataka kumuuzia démarreur bure!"

"Mama, bon, ni kweli," alisema Chama, naye akacheka kidogo kwa aibu. "Démarreur ikikufa inagonga mara moja: tak! Na taa zinabaki kali. Hii inagonga mingi, na taa zinakufa. Nilitaka kuanza na ile ya karibu."

"Ya karibu na mufuko yako," mama Lydie alimwambia.

Fundi alitoa kipimo na kukigusisha kwenye vichwa viwili vya betri. Namba zilikuwa chini. Wakaunga nyaya za pikapu. Injini ikawaka mara moja. Chama akapima tena gari likiwa linanguruma, na safari hii namba zilipanda kama inavyotakiwa. Alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Sikiliza, papa Rigo. Hii motoka iko nzima. Démarreur nzima. Muchana, batri inakula muzuri. Asubuhi, iko na njaa. Inabaki mambo mbili tu. Ao batri yenyewe imekufa ndani, haichunge tena moto. Ao usiku kuko kitu ku nyumba inaikula."

"Ku nyumba?" Rigobert aliuliza. "Batri iko inalala nyuma ya kiti yangu. Nani anakula batri? Mapanya?"

"Sijue. Lakini kujua ni mwepesi. Leo jioni muniletee, ilale kwangu ku garage. Asubuhi nitapima. Ikikuwa imekufa, ni yenyewe. Ikikuwa na nguvu, basi ni nyumba yenu njo inakula."

"Batri yangu ilale kwako!" Rigobert alisema. Sauti yake ilipanda ghafla. "Ili ubadilishe na ingine? Mwanzo mudogo yangu, sasa weye? Hapana. Batri italala kwangu."

Alisema hivyo haraka mno. Germaine alikuwa ameishi naye miaka mingi na alimjua. Rigobert alipokuwa na hasira ya kweli, alipunguza sauti. Alipoipandisha, alikuwa akificha kitu. Na alipokuwa akisema, macho yake hayakumwelekea Chama. Yalikwenda nyuma ya nyumba, kwenye chumba kidogo cha stoo.

Dieumerci aliondoka na teksi bila kunywa chai. Mama Lydie alibaki akikunja nyaya zake polepole, kama mtu ambaye bado ana la kusema.

"Mama Germaine, hii kufuli ya ku stoo ni mupya?"

"Anasema anachunga vyombo vyake vya kazi."

"Mwanaume haiko na kazi, lakini iko na kufuli mupya ya vyombo vya kazi." Mama Lydie alivuta midomo. "Miye sisemi kintu. Ninauliza tu."

Germaine alirudi kwenye vidagaa vyake. Alikuwa na swali lake mwenyewe. Kwa wiki kadhaa sasa, tangu transfoma ya umeme ya mtaa ilipoungua na umeme kuanza kukatika kila jioni, aliamka mara kwa mara na kukuta nafasi ya mume wake kitandani imepoa. Alikuwa amefikiri juu ya mwanamke. Alikuwa amekagua simu, akanusa mashati, hakupata kitu. Hakuwa ameziunganisha nafasi ile tupu na betri hata siku moja. Sasa aliziunganisha.

*

Jioni ya siku hiyo, Alhamisi, Rigobert alikwenda kwenye sala ya shirika, jumuiya ndogo ya parokia iliyokutana kwa zamu nyumbani kwa waumini. Alivaa shati jeupe. Alipotoka tu, Germaine alimwita Dieumerci, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameifungua betri.

"Usiipeleke ndani. Weka humu."

Alimnyooshea beseni lake la sokoni. Dieumerci alitazama beseni, akamtazama shemeji yake.

"Shemeji, yaya akijua ataniua."

"Hatajua kintu. Chama atatupatia ingine ya kufa, ya rangi moja. Tutaiweka nyuma ya kiti."

"Donc tunafanya kabisa ile mambo yaya anasema nilifanya."

"Kabisa ile. Beba."

Walitembea hadi kwa Chama, betri imefunikwa kwa kitambaa na vidagaa kidogo juu yake. Njiani mwanamke mmoja aliwasimamisha akitaka kununua, na Germaine akalazimika kumpimia huku Dieumerci akiegemeza beseni ukutani. Chama aliwapa betri kuukuu bila kuuliza mengi. Aliipokea ile nzima, akaipangusa, akaiweka juu ya meza yake.

"Mama," alisema, "na ikikuwa na nguvu asubuhi? Utafanya nini?"

"Nitakuwa nimejua."

"Kujua ni kitu kimoja."

"Papa Chama, pima tu."

Rigobert alirudi kutoka kwenye sala akiwa amechangamka kupita kawaida. Alisema ndugu wa shirika walikuwa wamempa moyo. Hakusema walimpa moyo juu ya nini. Alipitisha mkono nyuma ya kiti, akaigusa betri, akaridhika.

*

Ijumaa asubuhi uani kulinuka mkaa. Rigobert alitoka upande wa stoo, macho mekundu, masizi kwenye vidole. Aliketi kwenye ngazi bila kunawa.

Dieumerci aliingia kwa lango la kiwanja na beseni kichwani. Alifungua boneti, akaweka betri, akakaza nyaya, akaingia garini. Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja. Chama, aliyekuwa amemfuata, aliinua kidole gumba kwa Germaine juu ya ukuta kisha akaondoka zake. Alikuwa mtu mwenye akili, hakutaka kuwapo.

Rigobert alisimama. Hakulitazama gari lililokuwa likinguruma. Alimgeukia mkewe.

"Na ile ya nyuma ya kiti? Ile ya kufa, ni ya nani?"

Germaine alimsogelea.

"Rigobert. Ulijua namna gani kama ni ya kufa?"

Rigobert alificha vidole vyenye masizi nyuma ya mgongo.

"Haina waya. Haiko ndani ya motoka. Muntu anaitazama tu, hawezi kujua kama iko na nguvu. Weye ulijua namna gani?"

Dieumerci alizima gari. Germaine alinyoosha mkono.

"Leta ufunguo ya ku stoo. Dieumerci, weye enda ku kazi."

Kijana aliwatazama wote wawili. Aliwasha gari na kuondoka.

Ndani ya stoo kulikuwa na joto zito la mkaa. Jiko dogo la makaa lilikuwa likizimika katikati ya sakafu. Ukutani lilisimama sanduku la mbao lenye kioo mbele, balbu mbili juu na waya mbili zenye vibanio vya betri. Mayai yalipangwa ndani yake kwa safu. Ilikuwa mashine ya kuangulia vifaranga, na Rigobert alikuwa ameitengeneza mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa. Hata misumari ilikuwa imenyooka kwa mstari.

"Courant ya umeme ikikatika, mayai inapoa, na hii wiki inakatika usiku muzima," alisema. Sasa alipunguza sauti. "Batri njo ilikuwa inawasha balbu. Asubuhi mbele ya ninyi kuamka nilikuwa ninairudisha. Nilifikiri balbu mbili hazile kintu."

"Ju ya nini haukuniambia?"

"Kuku ya kwanza ilikufa yote, ukanicheka mbele ya bamama ba sokoni. Ulisema: papa Rigo anafuga makaburi. Banaimba mupaka leo."

Ilikuwa kweli. Germaine alikumbuka jinsi walivyocheka, na jinsi yeye mwenyewe alivyolirudia neno lile siku ya pili kwa sababu lilikuwa limependeza watu.

Alichukua yai moja. Lilikuwa vuguvugu upande wa jiko na baridi upande wa ukuta. Aliliweka sikioni. Hakusikia kitu. Akachukua la pili. Ndani yake kitu kilikuwa kikikwaruza, kidogo sana.

"Usiku mzima nilipepea mkaa," Rigobert alisema. "Nusu ya mayai ilikufa. Kesho ao kesho kutwa ingetoka. Weye njo uliziua, na mutego yako."

"Na mudogo yako? Ulikuwa unamuua na nini?"

Rigobert aliketi juu ya gunia.

"Usimwambie. Nitaenda ku Bel-Air. Nitamusemea muzuri, kama yaya. Atapata bibi yake, na mambo itaisha. Usimwambie, Germaine."

Germaine alimhurumia, na huruma hiyo ilimkasirisha. Mwishowe alisema atanyamaza, mradi Rigobert aende Bel-Air. Jioni Dieumerci alipomuuliza ni kitu gani kilichokuwa kikila betri, alimwambia amwulize kaka yake. Dieumerci hakuuliza. Ilimtosha kuona suti ya Rigobert imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi.

*

Sebule ya Bel-Air ilikuwa imejaa. Upande mmoja waliketi watu wa Abigaïl, familia ya asili ya Kasai, wafanyabiashara na walimu, wote wamevaa vizuri. Upande wa pili waliketi wageni: Rigobert mbele, Dieumerci kulia kwake, Germaine na wanawake wawili wa ukoo nyuma. Mali ilipangwa katikati ya chumba. Mbuzi alilia uani.

Msemaji wa wakwe alikuwa papa Aristote, mjomba wa Abigaïl, mwalimu mstaafu. Alivikagua vitu bila kuvigusa. Kisha akavua miwani.

"Bintu ni bizuri," alisema. "Lakini mbele ya kupokea, kuko swali. Sisi tuko na ndugu ku shirika yenu kule Katuba. Alisikia Alhamisi kama huyu kijana aliuzisha batri ya motoka ya yaya yake ili anunue hii mali. Papa, utuambie. Hii kostimu baba ya mutoto atavaa, ni batri yako njo atavaa?"

Watu wachache walicheka. Mama mmoja wa upande wa Abigaïl alisukuma kwa mguu sanduku la pagne, likarudi kidogo upande wa wageni. Dieumerci aliinamisha kichwa. Kwa mila hakuwa na ruhusa ya kusema, na jasho lilimtiririka shingoni mbele ya watu wote.

Rigobert alisimama.

"Ni bongo," alisema.

"Vizuri. Bongo ya nani? Ku shirika nani alisema?"

Germaine alitazama mgongo wa mume wake. Alijua jibu lililokuwa tayari mdomoni mwake, kwa maana lilikuwa jibu rahisi: watu wenye wivu, majirani, midomo ya mjini. Papa Aristote angelikubali nusu na kulitilia shaka nusu, na shaka hiyo ingelala na Dieumerci katika ndoa yake siku zote. Germaine alikuwa ameahidi kunyamaza. Aliweka mikono yote miwili juu ya ubao wa kiti cha mbele na kuanza kujiinua.

Rigobert alisikia kiti kikilia. Hakugeuka.

"Ni miye nilisema," alisema.

Mama aliyesukuma sanduku alirudisha mguu wake chini ya kiti.

"Batri haikuuzishwa. Iko ndani ya motoka, pale inje. Miye niko na mashine ya mayai. Usiku nilikuwa ninaunga batri ku mashine, asubuhi motoka inakataa kuwaka. Mudogo yangu alikuwa anasema kweli. Hii mali ni jasho yake."

"Mayai?" aliuliza mama yule wa sanduku.

"Mayai, mama. Ya kuku."

Vijana wawili karibu na mlango walishindwa kujizuia. Rigobert aliwaacha wacheke hadi wakamaliza. Papa Aristote hakucheka. Alirudisha miwani yake usoni na kumtazama kama mwalimu anayetazama mahesabu ambayo yamekosa mstari mmoja.

"Papa, hapa kuko kitu inapunguka. Ulijua lini kama ni mashine yako?"

Swali hilo Germaine hakuwa ameliuliza. Jana aliogopa kuliuliza.

"Mufundi alipima Alhamisi asubuhi," Rigobert alisema. "Alisema kuko kitu ku nyumba inakula batri. Pale njo nilijua."

"Na ku shirika?"

"Alhamisi jioni."

Hakuna aliyecheka safari hii. Germaine aliona mabega ya Dieumerci, yale yaliyozoea kujikunja, yakinyooka taratibu hadi kijana akawa mrefu kuliko kaka yake ingawa alikuwa ameketi.

Papa Aristote alinong'onezana na ndugu zake kwa muda mrefu. Wanawake waliitwa, wakasikiliza, wakarudi mahali pao. Hatimaye alisimama.

"Kijana hana kosa. Na muntu mwenye anajivua nguo hivi mbele ya bakwe, sijue kama nimuheshimu ao nimuogope. Lakini hatuoleshe mutoto kwa yaya. Tunamuolesha kwa huyu. Mali tunapokea."

Vigelegele vilipasuka. Sanduku la pagne lilivutwa upande wa wenyeji. Abigaïl aliingizwa, amefunikwa kitambaa, akaonyeshwa, akatabasamu. Kisha Dieumerci akaletewa bilauri na chupa, kwa kuwa kijana aliyepokelewa humpa kinywaji cha kwanza yule aliyemsemea.

Dieumerci alimimina hadi juu. Alisimama mbele ya kaka yake. Chumba kizima kilikuwa kikitazama, na kila mtu mle ndani, hata mtoto, alijua kwamba mdogo humpa mkubwa kwa mikono miwili.

Alimpa kwa mkono mmoja. Rigobert aliipokea kwa miwili.